Tumepoteza mechi nane kati ya kumi na moja: tumfukuze kocha wa timu ya taifa ya raga?

Swali: "Mwalimu, salaam. Mimi ni mjumbe wa klabu yetu katika chama cha raga cha taifa. Timu yetu imecheza mechi 11 tangu mwaka jana na imepoteza 8. Kati ya hizo 8, nne tulipoteza kwa pointi zisizofika 7. Karibu kila mara tunakwenda sambamba na mpinzani hadi dakika ya 60, kisha tunaporomoka. Lainauti zetu, yaani mipira inayorushwa kutoka pembeni baada ya kutoka nje, ni aibu: mechi ya mwisho tuliporwa mipira 6 kati ya 14 tuliyorusha wenyewe. Kocha mkuu ana mwaka mmoja na nusu kazini, mkataba wake unaisha baada ya Kombe la Dunia, na Kombe la Dunia limebakiza miezi 16. Baada ya wiki 5 tuna mkutano maalumu wa kupiga kura. Mashabiki wanamtaka nahodha wetu wa zamani arithi mikoba. Wajumbe wenzangu wanasema wachezaji wamemchoka kocha na mtu mpya ataleta ari mpya. Nipige kura ipi?"

Ndugu mjumbe,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiirudia naona hofu mbili zinazovutana. Ya kwanza ni kwamba mkimwacha kocha, timu itafika Kombe la Dunia imeshakata tamaa, na ninyi mliokuwa na kura mtaulizwa mlikuwa wapi. Ya pili hukuiandika waziwazi lakini ipo: kwamba mtamtimua, mtamleta mwingine, halafu mkute tatizo limekaa palepale. Hofu zote mbili ni za haki, na nafurahi kuona mtu mwenye kura anazihisi.

Nianze na jibu, nisikuzungushe. Kwa hayo uliyoniandikia, mimi ningepiga kura ya kutomfukuza sasa. Lakini nisingemwacha arudi kazini kana kwamba hakuna kilichotokea. Ningetaka kocha wa mafowadi, wale wachezaji wanane wa mbele, abadilishwe au aongezewe mtaalamu wa lainauti, na ningetaka tathmini yenye tarehe na vipimo vilivyoandikwa kabla hamjatoka ukumbini. Yapo mambo yanayoweza kuligeuza jibu langu kabisa, na nitayataja, kwa sababu wewe uko karibu na timu kuliko mimi.

Hili la ari mpya ndilo linalosikika zaidi kwenye vikao vya aina hii, na lina nguvu kwa sababu mara nyingi linaonekana kutimia. Kocha anaondoka, mechi mbili zinazofuata timu inashinda, na kila mtu anasema, si mliona? Ila fikiria mpigaji wenu wa penalti. Tuseme kwa kawaida mikwaju yake 8 kati ya 10 inapita. Jumamosi moja anapitisha 4 tu. Mnamnunulia viatu vipya, na wiki inayofuata anapitisha 8. Viatu vitasifiwa. Lakini 8 ndiyo kawaida yake. Hata angebaki na vile vya zamani, uwezekano mkubwa angerudi hapohapo. Timu nazo ziko hivyo. Kocha hafukuzwi timu ikiwa katika hali yake ya kawaida. Hufukuzwa ikiwa shimoni, pale ambapo majeruhi, ratiba ngumu, filimbi za refa na mpira kudunda vibaya vimeangukia msimu mmoja. Ukiwa chini ya shimo, sehemu kubwa ya njia iliyobaki ni ya kupanda, na anayekuja wakati huo hupewa sifa za mlima ambao timu ingeupanda hata bila yeye.

Hili si wazo langu tu. Watafiti waliochunguza ligi kuu ya soka ya Uholanzi walilinganisha timu zilizofukuza kocha baada ya mfululizo wa matokeo mabaya na timu zilizopitia mfululizo unaofanana lakini zikabaki na kocha wake. Zote zilipanda, na kwa kiwango kinachokaribiana. Soka si raga, nakubali, lakini hesabu ya shimo na mlima ni ileile.

Sasa tuvitazame vipigo vyenu vinne vya pointi zisizofika 7, yaani chini ya trai moja (pointi 5 za kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa mpinzani) na mkwaju wake wa pointi 2. Kwenye Kombe la Dunia la 2023 nchini Ufaransa, Afrika Kusini waliwatoa wenyeji 29-28 kwenye robo fainali, wakaitoa Uingereza 16-15 kwenye nusu fainali, wakaifunga New Zealand 12-11 kwenye fainali. Mechi tatu, tofauti ya pointi tatu kwa jumla. Katika ile robo fainali, Cheslin Kolbe alichomoka kwenye mstari akauzuia kwa mwili mkwaju wa Thomas Ramos baada ya trai, mkwaju wa pointi 2. Wiki iliyofuata, dakika ya 77, Handré Pollard alipitisha penalti ya mbali iliyowavusha. Mpira wa Ramos ungepita na mengine yote yakabaki yalivyo, Jacques Nienaber, aliyekuwa kocha mkuu, angekumbukwa kama mtu aliyeishia robo fainali. Mazoezi aliyoyaendesha yangekuwa yaleyale, na wachezaji walewale.

Sisemi kwamba matokeo hayana maana. Nasema pointi 4 kwenye ubao hazitoshi kukuonyesha kama kocha anajua kazi yake. Kabla ya kuzihesabu, angalia mlicheza na nani na wapi. Mfumo wa viwango wa World Rugby, chama cha raga cha dunia, humwongezea mwenyeji pointi 3 za kiwango kabla ya kukokotoa, na timu iliyozidiwa kwa pointi 10 za kiwango au zaidi haipunguziwi chochote ikifungwa, kwa kuwa ilitarajiwa kufungwa. Chukua daftari, uandike mechi zote 11, na mbele ya kila moja uandike kiwango chenu na cha mpinzani siku ile. Kama sita kati ya nane mlizopoteza ni dhidi ya timu zilizo juu yenu sana na ugenini, basi hadithi inayosimuliwa kwenye vikao si hadithi ya mechi zenyewe. Kama ni kinyume chake, yaani mmefungwa nyumbani na timu zilizo chini yenu, kura yangu inaanza kutikisika.

Kosa jingine ni kuamini kwamba kocha mzuri ni mzuri popote na mbovu ni mbovu daima. Warren Gatland aliichukua Wales baada ya Kombe la Dunia la 2007, ambako walikuwa wamefungwa na Fiji 38-34 mjini Nantes na kutolewa hatua ya makundi. Miezi michache baadaye, mwaka 2008, alishinda mechi zote 5 za Mataifa Sita, mashindano ya kila mwaka ya Ulaya. Akarudia 2012, akarudia 2019, na mara mbili akaifikisha nusu fainali ya dunia. Desemba 2022 Wales walimfukuza Wayne Pivac wakamrudisha Gatland huyohuyo. Alifika robo fainali ya 2023, kisha timu ikaanza kuchapwa mfululizo hadi mechi 14, na Februari 2025, baada ya kufungwa na Italia, akaondoka. Mtu mmoja, nchi moja. Kilichobadilika ni kilichomzunguka: kizazi cha wachezaji kilikuwa kimestaafu na klabu za kulipwa za Wales zilikuwa zimekatiwa fedha.

Au mtazame Eddie Jones. Uingereza walimfuta kazi Desemba 2022. Mwezi uliofuata Australia wakamfukuza Dave Rennie wakampa Jones timu, miezi 8 kabla ya mashindano. Mwaka huo Australia walicheza mechi 9 wakashinda 2, na kwa mara ya kwanza katika historia yao hawakuvuka makundi ya Kombe la Dunia. Hakuwa amesahau raga. Aliingia nyumba asiyoipanga, kwa haraka, akataka kuijenga upya siku za mwisho.

Hapa ndipo inabidi uelewe kazi ya kocha wa taifa ilivyo, kwa sababu mashabiki wengi huipima kwa kipimo cha kocha wa klabu. Kocha wa klabu ana wachezaji wake kila siku kwa miezi kumi. Kocha wa taifa anawaona kwa vipindi, Julai na Novemba na mashindano yao ya kila mwaka, mechi kama kumi hivi kwa mwaka. Wanamfikia wakiwa wamechoka, wengine na majeraha waliyoyaficha, wakitoka klabu zinazocheza mitindo tofauti. Nguvu ya miguu dakika ya 70 haijengwi kambini kwa siku kumi. Imejengwa au haikujengwa klabuni, miezi sita nyuma. Kwa hiyo ukitaka kujua kosa ni la nani, lazima ulitenganishe lililo mikononi mwake na lililo mikononi mwenu, ninyi wa klabu na chama.

Umenipa dalili mbili nzuri sana, nami nitakaa nazo kidogo.

Kuporomoka baada ya dakika ya 60 kunaweza kuwa kosa la kocha au la mfumo, na kuna njia ya kutofautisha. Tafuta picha za mechi tatu za mwisho mlizopoteza. Andika dakika ambayo kila mchezaji wa akiba aliingia na pointi zilivyokuwa wakati huo. Kama propu (mafowadi wa safu ya mbele kabisa) waliochoka wanaachwa hadi dakika ya 72 huku wenzao wenye pumzi wamekaa benchi, hilo ni la kocha, na ni kosa zito. Kama anaingiza watu kuanzia dakika ya 50 na ubao unaanza kugeuka wakishaingia, basi tatizo ni kina cha kikosi: wachezaji wa akiba, namba 16 hadi 23, hawajazoea kasi ya kimataifa kwa sababu ligi yenu haiwapi. Afrika Kusini waliweza kuanza fainali ya 2023 na mafowadi 7 kati ya wachezaji 8 wa akiba kwa sababu nchi yao inazalisha mafowadi wa kutosha timu mbili. Kocha gani mpya atawaletea hao ndani ya miezi 16?

Angalia pia penalti mnazotoa robo ya mwisho. Mtu aliyechoka hachelewi tu kufika kwenye raki, pale wachezaji wanapougombea mpira ulio chini. Akifika anaingia kwa pembeni, au anaweka mikono pasipotakiwa. Penalti zikiongezeka dakika hizo, unaona uchovu. Hilo ni suala la mazoezi ya viungo, na swali la kumuuliza kocha ni programu gani aliwapa wachezaji wakati wakiwa klabuni, na je, klabu ziliifuata. Ikiwamo yako, ndugu mjumbe. Niwie radhi kwa kusema hivyo, lakini utaulizwa.

Lainauti ni jambo jingine kabisa. Timu za juu hupata mpira kati ya mara 8 na 9 katika kila 10 wanazorusha wenyewe. Ninyi siku ile mlipata 8 kati ya 14. Na lainauti si pambo. Refa anapowapa penalti mnaupiga mpira nje, mnarusha ninyi, mnajikuta mita 5 kutoka mstari wa trai, na moli, lile kundi linalomsukuma mbele aliyeshika mpira, ikisimama vizuri hapo ni karibu trai. Mipira 6 iliyoporwa ni mashambulizi 6 yaliyokufa kabla ya kuzaliwa. Rudi kwenye vile vipigo vinne vya pointi zisizofika 7 ujiulize kila kimoja kingeishaje kama lainauti moja tu ya mita 5 ingekwenda sawa.

Ukizitazama hizo picha, usimwangalie huka anayerusha peke yake, ingawa ndiye anayelaumiwa. Hesabu sekunde tangu mpira unapotoka nje hadi unaporushwa. Sekunde zikiwa nyingi, mpinzani ameshajipanga na ameshahesabu watu wenu. Kisha tazama miguu ya wanyanyuaji. Mara nyingi mnyanyuaji wa nyuma husogeza mguu hatua nusu kabla ya alama kutolewa, na mpinzani mwenye macho anasoma mguu ule kama anavyosoma bango. Mrukaji anapopaa, wa upande wa pili ameshafika hewani. Huka alirusha vizuri, na mpira umekwenda. Haya yanatibika. Ni kazi ya wiki tatu au nne ya kocha wa mafowadi anayejua lainauti: kupunguza orodha ya miito, kuharakisha upangaji, kuwafundisha wanyanyuaji kutulia. Ndiyo maana sipendi kuona kocha mkuu anaondolewa kwa ugonjwa wenye dawa yake mahususi.

Nakuambia hili kwa uchungu kwa sababu nililiona. Niliwahi kuwa mchambuzi wa mechi kwenye benchi la ufundi la timu moja ya taifa, ambayo sitaitaja. Kocha mkuu alifukuzwa wiki 10 kabla ya mashindano. Aliyekuja alikuwa mwalimu hodari, lakini alikuja na miito yake ya lainauti, yote mipya. Siku ya mechi ya kwanza huka wetu alijifunga plasta nyeupe kwenye kifundo cha mkono akaiandika miito kwa kalamu ya wino, herufi ndogondogo, mistari mitano. Kufika nusu ya kwanza jasho lilikuwa limeifuta. Nakumbuka alivyosimama kwenye mstari wa pembeni na mpira mikononi, akiugeuza mkono kutafuta mwanga, akijaribu kusoma doa la bluu. Refa akamhimiza. Akarusha katikati, kwa kubahatisha, na wapinzani wakaudaka. Yule kijana alilaumiwa wiki nzima. Kosa halikuwa lake, wala la kocha mpya. Lilikuwa la watu waliopiga kura bila kuuliza mtu mpya atahitaji siku ngapi.

Je, kubadilisha kocha huwa hakusaidii kamwe? Hapana, kunasaidia, na nisingekuwa mkweli kama ningekuficha mifano. Afrika Kusini walifungwa na New Zealand 57-0 mwezi Septemba 2017. Mapema 2018 Rassie Erasmus akachukua nafasi ya Allister Coetzee, na miezi kama 20 baadaye akawafunga Uingereza 32-12 kwenye fainali ya dunia mjini Yokohama. Muda huo haupishani sana na miezi 16 yenu. Uingereza nao walitolewa hatua ya makundi nyumbani kwao mwaka 2015 chini ya Stuart Lancaster. Akaja Jones, na kwa kikosi ambacho sehemu kubwa kilikuwa kilekile akashinda mechi zote za Mataifa Sita 2016. Michael Cheika alikabidhiwa Australia Oktoba 2014, na mwaka mmoja baadaye alikuwa kwenye fainali. Simon Raiwalui aliichukua Fiji Februari 2023, miezi 7 tu kabla ya mashindano. Agosti wakaifunga Uingereza kwake Twickenham 30-22, Septemba wakaifunga Australia 22-15, jambo ambalo Fiji hawakuwa wamelifanya tangu 1954.

Lakini wachunguze hao mmoja mmoja. Erasmus hakupewa benchi tu. Alikuwa pia mkurugenzi wa raga wa nchi nzima, na aliweza kumrudisha Faf de Klerk aliyekuwa akicheza Uingereza. Cheika alikuwa ametoka kushinda Super Rugby ya 2014, ligi ya klabu za kusini mwa dunia, na klabu ya Waratahs, na wachezaji wake wa klabu walikuwa wamejaa kwenye timu ya taifa, hivyo hakuhitaji kujitambulisha. Fiji walikuwa na timu ya Drua iliyoingia Super Rugby mwaka 2022, kwa hiyo wachezaji wengi walikuwa wakicheza pamoja kila wiki kabla Raiwalui hajawaita. Jones alianza na miaka minne mbele yake. Kila mabadiliko yaliyofanikiwa yalikuwa na kitu kingine kilichobadilika pamoja na kocha, au mtu aliyekuwa tayari anawajua wachezaji. Ninyi kitu hicho kingine ni kipi? Kama kwenye mkutano hakuna anayeweza kulijibu swali hilo, mtakuwa mnabadilisha sura tu.

Ndiyo maana jina la mrithi lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Umesema mashabiki wanamtaka nahodha wa zamani. Unahodha si sifa mbaya, ila peke yake si ukocha. Martin Johnson aliiongoza Uingereza kutwaa Kombe la Dunia la 2003. Mwaka 2008 akapewa timu ya taifa bila uzoefu wa ukocha. Alitwaa Mataifa Sita 2011, kisha mwaka huohuo Ufaransa wakamtoa robo fainali 19-12, akajiuzulu. Raiwalui naye alikuwa nahodha wa Fiji, ila kati ya unahodha na ukocha mkuu alikuwa amekaa miaka mingi kwenye mabenchi ya ufundi, akiwafundisha hata mafowadi wa Australia. Muulizeni nahodha wenu amefundisha wapi, umri gani wa wachezaji, na nani atakuwa wasaidizi wake. Kama anampenda kocha mkuu wa sasa kiasi cha kukaa naye, kumwingiza kwenye benchi kama msaidizi sasa hivi kunaweza kuwa zawadi kubwa kwa timu.

Kuna pia njia ya katikati ambayo vikao vingi huiruka. Mwaka 2022 New Zealand walipoteza nyumbani mechi 2 kati ya 3 dhidi ya Ireland, na nchi nzima ikataka kocha Ian Foster aondoke. Chama kikambakiza, lakini wasaidizi wake wawili wakaondolewa. Jason Ryan akaja kufundisha mafowadi, na Joe Schmidt akapewa kazi kubwa zaidi kwenye mashambulizi. Haikuwa dawa ya usiku mmoja: walichapwa na Afrika Kusini ugenini, wakashinda hukohuko, Ellis Park, wiki iliyofuata, kisha wakafungwa nyumbani na Argentina. Mwaka uliofuata walikuwa kwenye fainali ya dunia, wakapoteza kwa pointi moja wakiwa na mtu pungufu kwa sehemu kubwa ya mechi. Kabla ya hapo, mwaka 2007, Graham Henry, kocha wa New Zealand wakati huo, alitolewa robo fainali na Ufaransa 20-18. Wengi walimtaka kocha mwingine, Robbie Deans. Chama kikambakiza Henry, na 2011 akaleta kombe.

Limebaki la wachezaji kumchoka kocha. Hili likiwa kweli, linashinda hoja zangu zote za hapo juu, kwa sababu kocha asiyesikilizwa hawezi kufundisha hata lainauti. Lakini umesema wajumbe wanasema, hukusema wachezaji wamesema. Pendekeza mtu asiye na maslahi, si kiongozi wa chama wala rafiki wa kocha, azungumze na kila mchezaji peke yake, kwa siri, wakiwamo wale wasioanza. Msimtegemee nahodha peke yake, na msitegemee ujumbe wa sauti unaosambaa kwenye simu. Kwa macho yako mwenyewe, kwenye zile picha, mtazame mtu ambaye hana mpira. Baada ya kukaba, anainuka haraka au anabaki amepiga goti? Mpinzani akivuka mstari wa ulinzi dakika ya 75, wangapi wanamkimbiza kutoka nyuma? Timu iliyomwacha kocha wake huonekana hapo, na mara nyingi hufungwa kwa pointi 30, si kwa 4. Vipigo vyenu vyembamba vinaniambia vijana bado wanapigana, ingawa naweza kukosea kwa kuwa sijawaona.

Kuna mambo ambayo hayasubiri wiki 5 wala kura. Ukisikia kwamba mchezaji aliyeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo alirudishwa uwanjani kwa amri ya kocha, kwamba wachezaji wanatukanwa au kupigwa, kwamba kuna unyanyasaji wa aina yoyote, au kwamba posho za wachezaji zinapitia mikononi mwa mtu na kupungua njiani, liripoti leo kwa maandishi kwa daktari wa timu na kwa kamati ya nidhamu, na kwa vyombo vya sheria inapobidi. Kocha asimamishwe, uchunguzi ufanywe na watu wa nje. Hapo hata kama angekuwa ameshinda mechi zote 11, kura yangu ingekuwa tofauti.

Kabla ya mkutano, omba pia wakili wa chama awasomee mkataba ana kwa ana. Mkataba wenye muda maalumu ukivunjwa bila sababu iliyoandikwa ndani yake, mara nyingi mtalipa muda wote uliobaki, na fedha hizo ndizo zingemlipa kocha wa lainauti na mtaalamu wa viungo. Barua yangu haiwezi kuchukua nafasi ya mtu aliyeushika mkataba huo mkononi. Vilevile, kama kuna mchambuzi wa mechi au kocha mstaafu unayemwamini, kaa naye mbele ya skrini saa mbili mkitazama zile mechi tatu. Utajifunza zaidi kuliko kwenye barua kumi kama hii.

Siku yenyewe, omba kuzungumza mapema, kabla sauti hazijapanda. Pendekeza hoja ya kura iwe na sehemu mbili: kocha abaki, na kocha wa mafowadi abadilishwe au aongezewe mtaalamu kabla ya kambi ijayo. Vipimo viandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Mimi ningeandika mitatu: lainauti zetu zipande hadi angalau 8 kati ya 10, penalti za robo ya mwisho ya mechi zipungue, na ripoti ya mtu wa nje aliyezungumza na wachezaji ifike mezani ndani ya siku 30. Mkutano wa kupitia vipimo hivyo upangiwe tarehe siku hiyohiyo, mara tu baada ya mechi tatu zijazo, wakati bado mtakuwa na mwaka na zaidi mkononi. Na katika muda huo, mtu mmoja wa chama apewe kazi ya kimyakimya ya kuandaa majina mawili ya warithi, wanaopatikana kweli na wanaowajua wachezaji wenu.

Kama wakati huo lainauti bado zinaporwa hata baada ya mtaalamu kuja, au ripoti ikasema wachezaji hawamsikilizi, niandikie tena. Nitakwambia umpigie kura ya kuondoka, na mtakuwa tayari na mtu wa kumkabidhi timu siku inayofuata.